Nabii Ndani ya Ibada: Isaya 1:1–27 katika Sinagogi na katika Usomaji wa Kiswahili wa Nyanda za Juu Kusini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sehemu moja ya kitabu cha Isaya (1:1–27) kwa kuilinganisha katika mazingira mawili ya ibada. La kwanza ni sinagogi, ambako sehemu hiyo husomwa kila mwaka katika Sabato inayotangulia kumbukumbu ya kubomolewa kwa Hekalu. La pili ni makanisa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako maneno ya manabii hufika kwa Kiswahili cha Toleo la Muungano la mwaka 1952. Makala yanadai kwamba katika ibada ya Kiyahudi neno la nabii hupata maana kutokana na mahali linaposomwa: baada ya Torati, kwa urefu wake, mbele ya kusanyiko ambalo ndilo linaloshtakiwa. Uchambuzi wa maneno matatu, yaani tabiri, sadaka na hukumu, pamoja na desturi ya mstari mmoja wa siku, unaonesha kilichopotea na kilichoongezeka matini hayo yalipohamia katika Kiswahili. Inapendekezwa kwamba maandiko ya manabii yahakikiwe kwa vigezo vya utendaji ambavyo wanafasihi simulizi wa Kiswahili tayari wanavyo.

1.0 Utangulizi

Mbalizi ni mji mdogo magharibi mwa jiji la Mbeya, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, neno nabii hapo si la vitabuni tu. Huandikwa kwenye mabango ya mikutano ya injili kama cheo cha mtu aliye hai, mtu anayetarajiwa kumwambia mwenye shida jambo litakalompata kesho au jina la aliyemfunga jana. Matumizi haya ni mapya kiasi, lakini yamekita kiasi kwamba msikilizaji anaposomewa kitabu cha Isaya au cha Amosi huyabeba akilini. Nabii kwake ni mjuzi wa yajayo, na kitabu cha nabii ni hazina ya mambo yaliyotabiriwa, ambayo msomaji hupaswa kuyaoanisha na matukio.

Dhana hiyo haikuzaliwa na mabango peke yake. Imeandaliwa pia na historia ya lugha ya tafsiri, na na namna matini ya manabii yanavyokatwa kabla ya kumfikia msikilizaji. Katika Biblia ya Kiebrania, Manabii ni sehemu ya pili ya sehemu tatu, kati ya Torati na Maandiko. Sehemu hiyo inaanzia Yoshua, inapitia Waamuzi, Samweli na Wafalme, ndipo inafika kwa Isaya, Yeremia, Ezekieli na wale Kumi na Wawili. Danieli, ambaye kwa msomaji wa Kiswahili ni nabii wa yajayo kuliko wote, hayumo; yumo katika Maandiko. Mpangilio huu pekee unatosha kuonesha kwamba Wayahudi waliokusanya vitabu hivi hawakuchukua kujua yajayo kuwa kigezo cha unabii. Vitabu vya historia ya wafalme vimehesabiwa kuwa vya manabii kwa sababu vinawapima wafalme kwa kipimo cha Torati.

Swali la makala haya, basi, ni la kihakiki: matini ya nabii yanakuwa matini ya namna gani yanaposomwa ndani ya ibada, na yanageuka kuwa nini ibada na lugha zinapobadilika?

2.0 Haftara: mahali pa nabii katika ibada

Katika sinagogi, asubuhi ya Sabato, gombo la Torati hutolewa na kusomwa sehemu ya juma hilo. Usomaji huo ukiisha, husomwa kifungu kutoka vitabu vya Manabii. Kifungu hicho huitwa haftara. Desturi hii ni ya kale: Injili ya Luka (4:16–20) inamwonesha Yesu akipewa gombo la Isaya katika sinagogi la Nazareti, na Matendo ya Mitume (13:15) inataja usomaji wa Torati na Manabii kabla ya mahubiri. Mishna, katika kitabu cha Megila, inatoa masharti ya usomaji huo. Talmudi inataja kiwango cha aya 21, ingawa desturi imeruhusu pungufu pale maana inapokamilika mapema.

Mambo matatu katika utaratibu huu yanamhusu mhakiki. Kwanza, nabii hasemi peke yake. Aliyeitwa kusoma haftara hutanguliza kusoma aya chache za Torati, ili isionekane kwamba Manabii wamesimama sawa na Torati au mahali pake. Pili, kifungu huchaguliwa kwa kuhusiana na Torati ya juma au na siku yenyewe. Torati inaposimulia jinsi Yusufu alivyouzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, kwa mfano, haftara inayofuata ni Amosi 2:6–3:8, ambapo nabii anaishtaki Israeli kwa kumuuza mwenye haki kwa fedha. Kisa cha ndugu wa kale kinageuka shtaka la jamii nzima, na msikilizaji ndiye anayeunganisha. Tatu, usomaji hufunguliwa na kufungwa kwa baraka, kisha huimbwa kwa mahadhi yake, tofauti na yale ya Torati. Haftara, kwa hiyo, ni tukio lenye mwanzo, mwisho, msomaji aliyeitwa na kusanyiko linalosikiliza.

Mwanafasihi wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona haya kuwa mageni. Mulokozi (1989), alipoainisha tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi haijulikani kwa maneno yake tu. Hujulikana pia kwa fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Mbolezi ikiimbwa harusini si mbolezi tena, hata kama hakuna neno lililobadilika. Kigezo hicho kikitumiwa kwa haftara, inaonekana mara moja kwamba matini ya nabii yaliyoandikwa yamehifadhiwa kwa karne nyingi ndani ya utendaji, na kwamba kuyasoma bila utendaji huo ni kusoma nusu.

Dai kubwa zaidi linatokana na hapo. Manabii wengi wa Kiebrania waliishambulia ibada: sadaka zisizo na haki, saumu isiyomfungua aliyeonewa, sikukuu zinazochosha. Ingetegemewa kwamba ibada ingewaweka kando. Badala yake, maneno yao yamewekwa katikati ya ibada ileile. Asubuhi ya Siku ya Upatanisho, watu wakiwa na njaa ya saumu, husomewa Isaya 57:14–58:14, maneno yanayouliza saumu ya namna hiyo ina thamani gani. Ibada inajishtaki kwa kinywa chake, na huo ndio msingi wa nafasi ya unabii katika ibada ya Kiyahudi.

3.0 Isaya 1:1–27 kama tukio

Sabato inayotangulia tarehe 9 ya mwezi wa Av, siku ya maombolezo ya kubomolewa kwa Hekalu mwaka 586 KK na tena mwaka 70 BK, huitwa Sabato ya Maono, kwa neno la kwanza la haftara yake. Toleo la Muungano nalo limeanza kitabu cha Isaya kwa neno hilohilo, maono. Torati ya juma hilo ni mwanzo wa Kumbukumbu la Torati (1:1–3:22).

Kinachounganisha masomo haya ni neno moja dogo: eikha, mshangao wa huzuni unaouliza imekuwaje hata ikawa hivi. Musa analitamka katika Kumbukumbu la Torati 1:12, analalamika kwamba hawezi kuubeba peke yake mzigo wa watu. Isaya analitamka katika 1:21, akiulilia mji mwaminifu uliogeuka kahaba. Siku chache baadaye, usiku wa maombolezo, linafungua kitabu cha Maombolezo. Wafasiri wa kale wa Kiyahudi waliona uzi huu, wakasema kwamba watatu walinena kwa neno hilo: Musa aliyewaona Israeli katika heshima yao, Isaya aliyewaona katika upotovu wao, na Yeremia aliyewaona katika aibu yao. Katika jumuiya nyingi za asili ya Ulaya, sehemu kubwa ya haftara hii huimbwa kwa mahadhi ya Maombolezo. Sikio linaanza kuomboleza kabla ya siku ya kuomboleza kufika.

Kiswahili kimeuhifadhi uzi huu kwa sehemu. Toleo la Muungano limeanza Isaya 1:21 na Maombolezo 1:1 kwa neno jinsi, na katika aya zote mbili kinachofuata ni mji. Huo ni uamuzi mzuri wa tafsiri, kwa kuwa jinsi ya kushangaa ipo katika maombolezo ya Kiswahili cha kila siku. Lakini katika Kumbukumbu la Torati 1:12 mshangao umebebwa na kiulizi -je kilichobandikwa kwenye kitenzi, hivyo Musa amebaki nje. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kumsikia Yeremia ndani ya Isaya. Hawezi kumsikia Musa.

Umbo la matini nalo linastahili kutazamwa. Kifungu kinaanza kwa kuita mbingu na nchi kuwa mashahidi (1:2), kinataja mashtaka, kinawaita viongozi kwa jina la Sodoma (1:10), kinakataa sadaka na mikutano (1:11–15), kinadai mema kwa yatima na mjane (1:16–17), kinawaita washtakiwa wajibizane na mshtaki (1:18), kisha kinaweka masharti (1:19–20). Kitenzi cha Kiswahili katika 1:18, tusemezane, ni mafanikio makubwa. Mnyambuliko wake wa kutendana unawafanya Mungu na watu kuwa pande mbili za shauri moja. Hakuna hapa utabiri kwa maana ya kutangaza lisiloepukika. Shauri bado liko wazi, na ndiyo maana linaweza kusomwa tena mwaka ujao.

4.0 Maneno matatu ya Kiswahili

4.1 Tabiri

Kiebrania kina kitenzi kinachotokana na navi, neno lenye asili moja na nabii, chenye maana ya kutenda kazi ya nabii: kunena kwa niaba ya aliyemtuma. Toleo la Muungano limetumia tabiri, kwa mfano katika Amosi 7, kuhani wa Betheli anapomfukuza Amosi, na katika Ezekieli 37, nabii anapoamriwa kuinenea mifupa mikavu. Katika Kiarabu asili ya tabiri inahusiana na kufasiri, hasa ndoto. Katika Kiswahili cha leo, hata hivyo, utabiri ni ule wa hali ya hewa unaosomwa redioni baada ya habari. Mtabiri hasemi mvua inyeshe, anasema itanyesha. Ezekieli haambiwi aeleze mifupa itafanya nini, anaambiwa aiamuru. Neno hili limehamisha uzito kutoka kwenye kutumwa hadi kwenye kujua, na hapo ndipo bango la barabarani na kurasa za Biblia zinapokutana.

4.2 Sadaka

Katika Isaya 1:11 Toleo la Muungano linasema Mungu hana faida na wingi wa sadaka. Neno la Kiebrania hapo lina maana ya mnyama wa kuchinjwa. Lakini sadaka ya Kiswahili, iliyopitia Kiarabu, ni ndugu wa tsedaka ya Kiebrania, ambayo ndiyo haki anayoidai nabii katika 1:27. Kwa hiyo, katika kifungu kimoja cha Kiswahili, jina la ukoo wa kile kinachodaiwa limepewa kile kinachokataliwa.

Itasemwa, na kwa haki, kwamba asili ya neno si maana yake. Sadaka ina maisha yake katika Kiswahili, na mfasiri hutafsiri kwa lugha iliyopo. Hoja hiyo inakubalika, na ukiifuata hadi mwisho inaleta tokeo lisilotarajiwa. Tangu mwaka 70 BK, Myahudi anayesikia aya hii anasikia habari za madhabahu isiyokuwapo. Muumini wa Kiswahili anasikia habari za kikapu kitakachopitishwa mbele yake punde, au za debe la mahindi na mkungu wa ndizi aliouleta siku ya mavuno. Hapa tafsiri imelirudishia shtaka la nabii makali yake. Kilichopotea ni upande wa pili wa sadaka, kwamba kumpa mhitaji ni sehemu ya haki anayostahili, wala si hisani. Waislamu na Wakristo wa Kiswahili wote wanalijua neno hili, na mhubiri au mwalimu anayelieleza kwa upana wake hahitaji kutoka nje ya lugha yake.

4.3 Hukumu

Hasara iliyo wazi zaidi iko katika hukumu. Toleo la Muungano limelitumia kwa mishpati ya Kiebrania, likiacha haki kwa tsedaka. Mwaka 1952 uteuzi huo haukuwa kosa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaipa hukumu maana za mamlaka na utawala pamoja na uamuzi wa shauri. Tangu wakati huo maana imebanwa. Mtu amehukumiwa ni mtu aliyepatikana na hatia. Hukumu hutolewa dhidi ya mtu. Siku ya hukumu ni siku ya kuogopwa. Mishpati, kwa upande mwingine, ni kumpa kila mmoja stahili yake, na kwa mjane na yatima ni habari njema.

Athari yake inaonekana hasa katika aya ya 27, ambayo ndiyo ya mwisho katika haftara. Aya hiyo ni ya tumaini: Sayuni utakombolewa, na njia ya ukombozi ni mishpati na tsedaka. Kwa Kiswahili cha Toleo la Muungano mji unakombolewa kwa hukumu, na msikilizaji wa leo anaelewa kwamba unakombolewa kwa kuadhibiwa. Tumaini limegeuka tishio. Kwamba wafasiri wenyewe walihisi ufinyu wa neno kunaonekana katika Isaya 5:7, walikoongeza na kuandika hukumu ya haki. Katika aya hiyo hiyo nabii anacheza kwa sauti, mishpati dhidi ya mispahi, tsedaka dhidi ya tseaka. Mchezo huo haukuweza kuvuka, lakini kumbe ya mshangao iliyowekwa mahali pake inalipa sehemu ya deni. Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ilihama: katika Amosi 5:24 imetumia haki na uadilifu. Hata hivyo Toleo la Muungano ndilo lililo vinywani mwa waumini wengi, na neno lililokaririwa halifutwi na tafsiri mpya kwa kizazi kimoja.

5.0 Sehemu nzima na mstari mmoja

Mbali na maneno, kuna suala la ukubwa wa matini. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakafungua kituo Utengule, karibu na Mbalizi ya leo, kwenye mji wa Mtemi Merere. Walikuja na desturi yao ya neno la siku, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 chini ya Zinzendorf na kuchapishwa kama kitabu cha mwaka tangu 1731. Mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura kwa kila siku ya mwaka, kisha huwekewa mstari wa Agano Jipya unaolingana nao. Kitabu hicho hutolewa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Desturi hii na haftara zinafanana kwa jambo moja: zote huweka andiko kando ya andiko ili yaangaziane. Tofauti zao ndizo zinazofundisha. Haftara ni sehemu nzima, neno la siku ni mstari. Haftara hufuata Torati na siku, neno la siku hufuata kura. Haftara husikilizwa na kusanyiko, neno la siku mara nyingi husomwa nyumbani na mtu au familia. Chukua Isaya 1:18, kuhusu dhambi nyekundu zitakazokuwa nyeupe. Ikisimama peke yake, ni ahadi ya faraja kwa nafsi moja. Ikisomwa kati ya aya ya 17 na ya 19, ni hatua ya shauri ambalo yatima na mjane tayari wametajwa ndani yake, na msamaha hautenganishwi na wao. Wingi wa kiambishi katika zenu, ambao Kiswahili huuonesha wazi, hauna kazi tena pale mstari unaposomwa na mtu mmoja chumbani kwake.

Hili si la kuwalaumu Wamoraviani. Mstari mmoja unaokumbukwa kila asubuhi umelea imani ya vizazi, na umeifanya Biblia kuwa kitabu cha nyumbani. Wala sinagogi halina usafi wa kupita kiasi. Haftara ya Sabato ya Maono inakoma kwenye aya ya 27 yenye tumaini, na inaiacha aya ya 28 inayotangaza kuvunjwa kwa waasi. Amosi 5:24, aya inayopendwa sana na watetezi wa haki duniani, haimo kabisa katika mzunguko wa haftara za mwaka. Kila ibada hukata. Mhakiki anapaswa kuuliza imekata wapi, na mkato huo umemnyamazisha nani.

Kwa Utengule swali hilo lina uzito wa pekee. Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya kazi huko na kuandika juu ya Wasafwa, alirekodi pia masimulizi ya maisha ya wanawake waliopitia utumwa katika misukosuko ya mwisho wa karne ya 19. Masimulizi hayo yanaonesha kwamba pembezoni mwa kituo waliishi watu waliojua kwa miili yao maana ya kuuzwa. Kwa hadhira ya namna hiyo, kisa cha Yusufu kikifuatwa na shtaka la Amosi kingekuwa ushahidi wa kesi yao wenyewe. Mstari mmoja wa kura usingeweza kufanya kazi hiyo isipokuwa kwa bahati.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba unabii wa Kiebrania, kama unavyotunzwa katika ibada ya Kiyahudi, ni neno linalosomwa ndani ya ibada dhidi ya ibada, likifungwa na Torati na kalenda. Katika Kiswahili cha Nyanda za Juu Kusini neno hilo limesogea kwa njia tatu: kitenzi tabiri kimelivuta kuelekea kujua yajayo, hukumu imelivika adhabu, na mstari mmoja umelifanya la mtu binafsi. Sadaka peke yake imelisogeza karibu zaidi na msikilizaji kuliko lilivyokuwa.

Yapo mapendekezo mawili. La kwanza ni la ufundishaji: katika vyuo vinavyofundisha fasihi na vile vinavyofundisha theolojia, vitabu vya manabii vichambuliwe kwa vigezo vya fanani, hadhira, wakati na mahali, badala ya kuachwa mikononi mwa wanaovitafutia matukio ya kutimiza. La pili ni la usomaji: Isaya 1:1–27 isomwe kwa sauti na kwa urefu wake, na haki ichukue nafasi ya hukumu pale Kiebrania kinaposema mishpati.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Katika aya ya 22 na ya 23 nabii anautambua mji uliopotoka kwa bidhaa zake na wakuu wake: fedha yenye takataka, divai iliyotiwa maji, viongozi wapenda rushwa. Viazi vinavyoshuka Mbalizi kutoka Umalila kwa barabara ya Shigamba vinakutana na lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba hadi kupita kilo 100 zinazotambuliwa na kanuni za vipimo, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi na mkulima huweza kuketi kanisa moja Jumapili, kila mmoja na sadaka yake. Nabii wa bangoni atamwambia mkulima lini atafanikiwa. Isaya akisomwa kwa urefu wake angewataka wote wawili, mbele ya kusanyiko, wasemezane kuhusu gunia.